Rashidi Hakufa kwa Presha

Rashidi kafa. Kafa Jumanne mchana ndani ya kontena la choroko, ghalani kwetu hapa Lindi. Tumemzika kwao, Kilwa ya ndani.

Nimemvuta miguu mwenyewe kumtoa. Na bado leo asubuhi nimempigia simu aje tukanywe chai.

Wengi humu mnamjua. Mwembamba, kofia ya bluu, mdomo haupumziki. Tumebeba magunia pamoja tangu lile ghala halina paa upande mmoja.

Mimi Mmwera, yeye Mngindo. Watani. Sijafika getini keshaanza: "Mmwera kaja, funikeni vyakula." Na mimi, "Mngindo, nani kakuvalisha viatu leo?"

Mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kufanya utani. Alivaa khanga ya marehemu, akasimama mlangoni kwangu, akaiga sauti yake: "Baba Zuhura, hiyo miguu ya vumbi unaipeleka wapi?"
Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikacheka. Nikala.

Sasa niseme alivyokufa, maana maneno yamekuwa mengi.

Lile kontena la choroko tumelijaza sisi. Watu wa dawa wakaweka vidonge vya kuua wadudu, tukafunga, wakabandika karatasi ya fuvu mlangoni. Vile vidonge vinatoa hewa. Mdudu anakufa. Mtu naye anakufa.

Ofisini karatasi za forodha zikaandikwa kunde. Mzigo uliopita ulikuwa kunde, wakarudia ile ile. Forodha kunde ina namba yake, choroko ina namba yake, mbaazi ina namba yake. Namba ikisema kunde na gunia likatoa choroko, mzigo hauvuki bandari.

Wakala wa forodha akasema leteni sampuli: ya mlangoni, ya katikati, ya nyuma kabisa. Ijulikane kontena zima ni choroko, karatasi zibadilishwe.

Kontena la dawa likifunguliwa linakaa wazi kwanza. Upepo upite, watu wa dawa waje na kifaa wapime, ndiyo mtu aingie. Tunajua wote. Bosi anajua.

Lakini siku ile tumefungua tu, lori linasubiri. Bosi akasema, "Nani mwembamba hapa? Dakika moja tu."

Nikamwambia Rashidi, "Ngoja upepo."
Akanijibu, "Mmwera unaogopa choroko? Kaa hapo hapo. Nikifa utakula ubwabwa wangu."

Akachukua bambo, kile chuma cha kuchoma gunia utoe punje. Akapanda juu ya magunia, akatambaa kwa tumbo chini ya bati la kontena.

Tukamsikia, "Ya katikati choroko." Akatambaa tena. "Ya nyuma choroko." Halafu kikohozi. Halafu kimya.

Nikadhani utani. Nikamwambia, "Toka huko Mngindo, tumeshacheka."

Hakutoka. Nikafunga shati puani, nikaingia, nikapapasa mpaka nikapata miguu. Nje alikuwa na povu mdomoni. Hospitali hakufika.

Jioni bosi akatuita wote. "Marehemu alikuwa na presha. Mtu akiuliza, presha." Na mama yake akaambiwa hivyo hivyo kwenye simu.

Nimekaa na hilo neno njia nzima mpaka Kilwa. Nikisema, kazi sina, na mwanangu Zuhura bado anasoma. Nisiposema, kontena lijalo ataingia mwingine, na yeye tutamwita wa presha.

Tumezika, tumerudi msibani. Bosi kakaa mkekani mbele, kanzu nyeupe. Shangazi yake marehemu akaniita, "Mtani wetu, mbona umekaa kama mfiwa? Fanya kazi yako."

Nikavaa kofia ya Rashidi, ile ya bluu, niliyokuja nayo. Nikalala kwa tumbo, nikatambaa katikati ya watu. Wakaanza kucheka.

Nikasema, "Mimi Rashidi. Nimetumwa kuangalia choroko kama ni choroko. Nimeangalia. Ni choroko."
Wakacheka zaidi. Hata wapishi wakaja.

"Bosi kaniambia dakika moja. Mlangoni nimemkuta fuvu, nikamwambia shikamoo, nikapita. Nimevuta dawa, nimekufa. Presha sina. Presha anayo bosi."

Kicheko kikakatika. Mtani msibani hakasirikiwi, aseme lolote. Bosi anajua hilo, kazaliwa huku huku. Akabaki anaangalia mkeka.

Mama yake Rashidi akasema, "Mtani, rudia."

Nikasimama, nikavua kofia, nikarudia. Safari hii hakucheka mtu.

Mama akanishika mkono. "Ahsante baba. Angalau najua mwanangu kauliwa na nini."

Bosi akanipitia pembeni wakati watu wananawa. "Umenimaliza."
Nikamwambia, "Mimi mtani tu, bosi." Hajanifukuza mpaka sasa.

Kaka yake marehemu kaenda kituo cha polisi na yale maneno. Yatafika wapi sijui.

Rashidi, ubwabwa wako nimekula. Ulikuwa mkavu, kwenu hamjui kupika, na wewe hupo kunijibu.
Lala mtani wangu. Hakuna wa kukuamsha na gunia huko. Mungu akupokee.

Supavaiza katuma ujumbe. Kontena liko wazi tangu siku ile. Choroko zote zinatolewa, zinahesabiwa, zinapangwa upya, na karatasi sasa zimeandikwa choroko.

Nyie wa maghala mnaosoma hapa, mlango ukiwa na fuvu msiingie, akuite nani akuite. Mimi siingii mpaka nione kifaa kimepima, na nimeshamwambia supavaiza hivyo. Kajibu sawa.

Kesho narudi kazini.