Konzi ya Matabishi

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa mpimaji wa pamba kwa mfanyabiashara mmoja Mreno pale Kasongo. Kila siku ya soko nilinunua mchele kwa msichana niliyetaka kumwoa, ingawa nilikuwa sijamwambia. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akanimiminia. Basi. Lakini dereva wa kamio, lile lori la kwenda Kabambare, baada ya kopo lake, aliongezewa matabishi: konzi moja ya mchele, mara nyingine mbili, pamoja na kicheko.

Konzi zile ziliniondolea usingizi. Nikamwuliza Mreno neno matabishi limetoka wapi. Akasema ni la lugha yao, maana yake kuua mdudu: funda la pombe kali la asubuhi, la kumnyamazisha mdudu wa njaa tumboni. Baadaye likawa jina la kitu wanachopewa wapagazi na wapiga makasia juu ya ujira wao. Lilivyofika kwenye mchele wetu, hakujua. Niliyaweka maelezo yake akilini, lakini mdudu aliyekuwa akinila mimi hakuwa wa njaa.

Soko lililofuata nikampita msichana, nikanunua kwa mama aliyeuza karibu naye. Mama akaniongezea konzi iliyojaa.

"Mama, umupatie na ingine," msichana akasema bila kuinua macho. "Huyu ni mugeni."

"Mugeni namna gani? Si anakuja kwako kila soko?"

"Alikuwa anakuja."

Nikamwuliza msichana kwa nini dereva hupewa matabishi na mimi sipewi.

"Dereva anaweza kwenda kwa mwingine, lazima nimuvute. Kwetu mutu wa nyumba hapewi matabishi. Nilizani weye ni mutu wa nyumba. Sasa nimejua, kaka."

Hakuwa ameniita kaka kabla ya siku ile. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Niliporudi kwa msichana soko jingine, dereva alikuwa nyuma yangu akingoja zamu. Alinipimia kopo, kisha akachota konzi mbili, zile zile nilizokuwa nikizionea wivu, akaziongeza juu ya mchele wangu. Nilizichota zote mbili, nikazirudisha kwenye kikapu chake, dereva akiona. Msichana akausawazisha mchele wa kikapu kwa kiganja.

"Haya," akamwambia dereva, "leta mufuko wako."