Wakili Aliyewafunga Watu Midomo

Mdogo wangu wa kiume tulimpa jina la Masafa tangu utotoni. Alikuwa akiikalia redio ya baba kutwa nzima anazungusha kitufe, masafa haya, masafa yale, bila kusikiliza stesheni hata moja mpaka mwisho. Ukubwani hakubadilika. Alisomea umeme akauacha, akasomea sheria, akaona mawakili wa talaka na viwanja hawana hadhi. Mwisho akavichanganya vyote viwili: akawa wakili wa kesi za hataza, yaani haki ya mtu kumiliki alichovumbua, na tena vitu vya mawasiliano yasiyotumia waya peke yake. Akiona waya anasema hiyo si kazi yake.

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kazi hiyo naijua, maana ameieleza mezani kwangu mpaka chai ikapoa. Kampuni mbili za simu zinagombania nani aliwaza kwanza namna ya kupitisha sauti hewani. Hewa yenyewe aliiumba Mungu, wala hakuiombea hataza. Basi Masafa anavaa joho, anaapa kwamba wazo la mteja wake halijapata kuonekana duniani. Kesi nyingine yuko upande wa pili, anasema wazo kama lile hata mtoto angelibuni. Nilimwuliza lipi ni la kweli.

"Dada, inategemea nani kaniita," akasema.

Nikakusanya vikombe vyangu.

Shemeji yetu, mume wa mdogo wetu wa kike, ni fundi redio, mpole, hana makuu. Alitengeneza antena inayojigeuza yenyewe kutafuta upande wenye mawimbi mazuri. Alitaka jambo moja tu: iandikwe kwamba ni yake. Maisha yake yote ametengeneza vitu vya watu.

Masafa akaishika kazi hiyo kwa mbwembwe. Akatueleza kwamba kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya ombi la hataza kupelekwa, sheria inakihesabu si kipya tena, haki imepotea. Akaagiza dirisha la karakana lizibwe. Shemeji akakatazwa kumwambia hata mkewe. Mimi niliyepeleka uji pale nilitazamwa kama mwizi wa kuku.

Ombi likapelekwa, hataza ikatoka, tukamshukuru Mola. Haukupita muda, kampuni moja ikaanza kuuza antena ileile. Masafa akafurahi kama aliyealikwa harusini. Akaifungulia kesi.

Siku ya kusikilizwa nilikaa nyuma na mdogo wangu wa kike. Masafa alinguruma weee, mpaka hakimu akamwomba apunguze sauti. Kisha akasimama wakili wa kampuni, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Akaomba aonyeshe video. Ilikuwa ya mkutano wa mawakili, katika ukumbi wa hoteli. Aliyekuwa jukwaani ni Masafa wetu, amechomekea, na nyuma yake picha ya antena ya shemeji, kubwa kama ukuta. Alikuwa akieleza inavyojigeuza, kipande kwa kipande, watu wanapiga makofi. Na mkutano huo ulifanyika kabla ombi halijapelekwa. Baadaye alituambia kwamba wakili kijana alikuwa ametangulia kuzungumza na kushangiliwa sana, naye hakuweza kushuka mikono mitupu.

Mungu anisamehe, nilimtazama Masafa kama ninavyomtazama mtu aliyeajiriwa kulinda maziwa akayamwaga.

Hataza ikafutwa. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Masafa alianza kusema kwamba kitaalamu hoja zake mbili zilikubaliwa. Shemeji alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Shemeji," akasema, "mimi nilinyamaza mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke nje."

Masafa akajibu kwamba sheria ina utata mwingi.

Antena zinauzwa mjini kote sasa, zina jina la kampuni. Shemeji huletewa zikiharibika, huzitengeneza. Masafa naye hajapungukiwa kitu. Juzi amealikwa tena jukwaani, kufundisha wenzake namna ya kutunza siri za wateja. Alikuja kutusimulia, amekaa kwenye kiti kizuri cha shemeji, mguu juu ya mguu.

Shemeji aliinuka taratibu, akaongeza sauti ya redio.