Kai-Skwea na Mahindi ya Baba Mkwe

Nakiri tu, maana mashahidi ni wengi: nilijiaibisha mbele ya wazazi wa shule nzima, nikiwa nimesuka nywele mpya, na baba mkwe wangu ameketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Songea. Kwa siku ya wazazi niliahidi kuonyesha kwamba mahindi ya aina fulani, ukiyapukuchua, kwa kila punje tatu laini unapata moja iliyokunjamana, na kwamba kuna hesabu iitwayo kai-skwea ya kupima kama ulichokihesabu kinaendana na ulichokitarajia. Baba mkwe ndiye aliyenilimia hayo mahindi kule Namtumbo, mbali kabisa na mashamba ya wenzake yasije yakachavushana. Yalipofika kwangu Msamala, badala ya kuyapukuchua mwenyewe nikamwachia mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, mimi nikaenda saluni (naam, saluni).

Basi siku yenyewe wanafunzi wakahesabu punje, mimi naandika ubaoni kwa mbwembwe: chukua ulichopata, toa ulichotarajia, jibu lizidishe kwa lenyewe, gawanya kwa ulichotarajia, jumlisha, halafu linganisha na kikomo cha kwenye jedwali; ikikipita, hesabu haziendani. Jumla yangu ikakipita kikomo kwa mbali sana, kwa sababu punje zilizokunjamana zilikuwa chache mno. Mkuu wa shule akauliza kwa upole, "Sasa mwalimu, shida iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kukohoa. Nikasema, "Mkulima alichanganya mbegu."

Na mkuu alikuwa ametoka kumtambulisha mkulima mwenyewe, akapigiwa makofi. Baba mkwe akatazama viatu vyake.

Ndipo mama mkwe akasimama, akakaza kanga yake, akasema, "Samahanini walimu. Zile zilizosinyaa nilizichambua mimi, nilijua ni mbovu. Kuku wamekula."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje, nami nikawa nafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika.

Baadaye nikampigia baba mkwe magoti. "Baba, nisamehe."

Akaniinua. "Inuka, mama Upendo. Mimi nilipokaa pale nilikuwa najiuliza kama kweli nimekuharibia kazi."

Hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Lakini akasema mahindi mengine bado yapo, ameyaning'iniza jikoni, basi Jumamosi tukaenda Namtumbo, tukakaa mkekani watatu, punje moja moja, mama mkwe akikataa kutupa hata iliyotobolewa na wadudu, na safari hii jumla ikakaa vizuri chini ya kikomo. Baba akaomba nimsomee tena ile namba. Nikamsomea. Akatabasamu, tukala kande.

Kai-skwea huniambia tu kwamba hesabu haziendani. Jina la mtu haijawahi kunitajia. Siku hizi ikipita kikomo naweka chaki chini, naenda kuuliza kwanza mahindi yamepita mikononi mwa nani, na ninaanza na shikamoo.