Nilichorwa tattoo ya isale ili Shangazi amsamehe mdogo wangu, akaniuliza atalipokeaje

Wakuu, habari za jioni.

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, Elibariki anayenifuata, Neema mdogo wetu wa mwisho, na Shangazi Aikande, dada wa marehemu baba. Elibariki yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanirekebisha.

Mimi ndiye mkubwa. Wazazi walipoondoka niliacha shule kidato cha pili, nikakaa kwenye cherehani Daraja Mbili mpaka hawa wawili wakamaliza masomo. Sijutii.

Neema akaja kuwa mchoraji wa tattoo. Siyo zile nene za mafuvu, ni fine line: majani ya mgomba, maua ya kahawa, mistari myembamba kama uzi. Ana chumba Kwa Mrombo na wateja hawakauki.

Shangazi ni mama wa kwaya usharikani. Alipojua, akasusa. Akasema mtu anayechanja wenzake ngozi yeye hatamsimamia.

Na wakwe wa Neema walikuwa wanakuja Jumamosi kuleta posa! Hatuna mwingine wa kukaa kiti cha wazazi. Bila Shangazi, hakuna posa.

Kwa wasiojua, kwetu huku Meru ukimkosea mtu unampelekea jani la isale. Akiletewa, hakatai kusamehe. Ndilo hilo hilo tunalopanda mipakani na makaburini.

Nikapata wazo, nikajiona nina akili sana. Nikamwambia Neema anichore isale mkononi.

Sindano nazijua, lakini ile, mh! Elibariki pembeni anacheka tu: "Dada, umeshona watu miaka yote, leo unashonwa wewe."

Ijumaa tukapanda mlimani kwa Shangazi, sote watatu. Nikamwamkia Shangazi, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono.

"Shangazi, nimekuletea isale."

Akavaa miwani, akatazama.

"Sasa hili nalipokeaje? Nikukate mkono niuweke kabatini?"

Elibariki akakimbilia nje kucheka. Wakuu, isale lazima mtu alishike, na langu halitoki! Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo.

Lakini mkono wangu hakuuachia. Akawa anafuatisha mistari kwa kidole. Neema alilichora limepinda, ncha imechanika.

"Hili si la pale kaburini kwa kaka?"

"Ndilo, Shangazi," Neema akajibu taratibu. "Mbuzi wa jirani wanalitafuna, linaota tena."

Shangazi akatoka nje. Akarudi na isale bichi la mpakani, amelipiga fundo. Akaniwekea kiganjani.

"Haya. Nipe."

Nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Neema: "Na wewe mchanjaji, hao wakwe wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

Tulicheka mpaka machozi. Neema yeye alilia kweli.

Nilichojifunza: unaweza kuipenda alama mpaka ukasahau kazi yake. Isale ni la kutoa. Langu nitazikwa nalo, lakini lililomrudisha Shangazi ni lile la mpakani.

Wenye tattoo za majani na maua, mlichora nini na kwa sababu gani? Na ndugu zetu wa Kilimanjaro, kwenu isale mnalipelekaje? Shusheni hapa chini.

Harusi imeshapita salama. Ila isale huenda na mbege, pombe yetu ya ndizi, na mimi nilienda mikono mitupu. Mpaka leo Shangazi akiniona ananipandisha mkono wa blauzi, anagonga lile jani kwa kidole: "Mbege yangu iko wapi?"