Kichaka Kisichoingiwa na Mtu

Mnyama akilala kwako, akala kwa jirani, akanywa maji ya mtu wa tatu, ni mali ya nani? Jibu upesi, kabla hujatafuta maneno mazuri.

Verlyn Tollefsrud hakuhitaji kutafuta. Ni wa anayemlea, angekwambia, na katika vilima vile vya kusini-magharibi mwa Wisconsin hapakuwa na mtu aliyelea kulungu kama yeye.

Zamani alifuga ng'ombe wa maziwa, kama baba yake na babu yake. Bei ya maziwa ilipoanguka na kukataa kuinuka, aliwauza wote asubuhi moja. Majira yote ya baridi yaliyofuata aliendelea kuamka saa ya kukamua. Alivaa viatu vyake vya mpira, akaenda kusimama peke yake katika zizi tupu lililokuwa bado linanuka maziwa. Mkewe, Marlys, alikuwa akimtazama kutoka dirisha la jikoni na hakujua amwite au amwache. Tusimcheke. Nchi nzima ilikunywa maziwa ya watu wale kwa bei ya bure, kisha ikashangaa kuona mazizi yamenyamaza.

Kulungu ndio waliomtoa zizini. Alipanda klova, majani wanayoyapenda kulungu, mahali palipokuwa malisho. Aliacha mistari ya mahindi bila kuvuna, iwafae wanyama wakati wa theluji. Kwenye mteremko wa kaskazini alikata miti mibovu ili jua lifike chini, na miaka michache baadaye pale pakafunga kichaka cha miiba na miche, kizito hata mbwa angekizunguka. Humo kulungu walilala. Humo hakuingia mtu, maana dume mkubwa akinusa binadamu anapolala, anahama na huenda asirudi tena. Marlys alikuwa akichuma uyoga kwenye mteremko ule kila masika tangu alipoolewa. Verlyn alimwomba aache, naye akaacha.

Uzio hakutaka hata kuusikia. "Nimefungia wanyama maisha yangu yote," alisema. "Hawa nataka waje wenyewe."

Lilikuwa neno zuri na alilimaanisha. Lakini maana yake ni kwamba dume mchanga aliyemwacha apite leo, jirani angeweza kumpiga kesho. Kwa hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba akiwa na pai za tufaha za Marlys, akiwaomba watu wawaache madume wachanga mpaka pembe zao zikomae. Wengine waliahidi. Wengine walipokea pai tu.

Ardis Sebranek, mjane wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa amemzidi Verlyn kwa umri kiasi cha kumwita kijana, alicheka mpaka akashika mlango.

"Madume yako mimi ya nini? Pembe hata ukizichemsha wiki nzima haziwi supu."

Kila Novemba Ardis alipiga jike mmoja, akamtengeneza soseji, akajaza friza, basi. Na alitimiza neno lake. Ndiye aliyekuwa akimpigia Verlyn simu: "Mwanao amepita hapa. Amenenepa. Anakula soya yangu kama mkwe."

Mwana huyo, dume mmoja, walimwita Kinara, kwa jinsi pembe zake zilivyosimama kama kinara cha mishumaa cha kanisani. Kila mwisho wa baridi, Kinara alipoangusha pembe zake, Verlyn aliziokota na kuzitundika ukutani katika chumba cha maziwa, pale palipokuwa na ndoo. Kila jozi ilikuwa nzito kuliko ya mwaka uliotangulia. Mwaka huu amekomaa. Mwaka huu, Verlyn aliwaambia watu wa duka la mbegu, ndio wenyewe wa kumpiga.

Wiki ya kuwinda kwa bunduki ikafika. Kinara alikuwa akilala kichakani, kamera aliyoifunga mtini ilimwonyesha akiingia humo alfajiri baada ya alfajiri. Verlyn alipanda ulingo wake uliotazama mteremko, akangoja upepo mzuri.

Alasiri moja, jua likiwa linazama, alisikia mlio mmoja wa bunduki ng'ambo ya kijito. Alikuwa amesharudi nyumbani Ardis alipotokea uani, na koti lake la rangi ya chungwa, akiburuta sinia la plastiki la kukokotea mizigo kwenye theluji. Ndani yake mlikuwa na kamba na tochi.

"Kijana, nimempiga jike," alisema akihema. "Nimempiga vizuri, damu imetapakaa. Lakini amevuka kijito akaingia kwako. Niruhusu nikamchukue."

"Ameingia wapi?"

"Kwenye hicho kichaka chako kitakatifu. Atakuwa kaanguka pale pale pembeni."

Verlyn alitazama chini. Katika vilima vile, mtu akija kuomba kufuata mnyama aliyemjeruhi, huwa hasubiri jibu. Unachukua tochi yako unafuatana naye. Baba yake alifanya hivyo. Yeye mwenyewe alifanya hivyo mara nyingi.

"Si usiku huu, Ardis. Kinara yumo mle. Ukiingia na harufu, amehama. Ngoja Jumapili, msimu ukiisha nitakusaidia mwenyewe."

"Jumapili!" Ardis alicheka, lakini si kile kicheko cha mlangoni. "Mbweha nao wana kalenda? Watamngojea mama Ardis?"

"Nitakupa nyama. Nikimpata Kinara, nusu yako."

"Dume mzee, shingo kama gogo? Na meno yangu haya?" Akaiachia kamba ya sinia. "Verlyn. Ng'ombe zako zilipovunja uzio zikalala ndani ya mahindi yangu, nilikuuliza habari ya harufu? Nilizirudisha kwa fimbo, na viatu vya ndani miguuni. Wewe ulikuwa hospitali na baba yako. Sijawahi hata kukwambia."

Ni kweli, hakuwahi kumwambia. Verlyn alilisikia kwa mara ya kwanza, na lilimchoma. Lakini alikuwa ameshasema hapana, na alikuwa amemngoja Kinara miaka yote ile.

"Sheria inasema lazima mwenye shamba akubali," akajisikia akisema.

"Sheria naijua. Sikuja kuuliza sheria, nimekuja kuomba."

Ardis alitoa kibali chake cha kuwinda mfukoni, akakichana katikati, akavirudisha vipande mfukoni ili visichafue uwanja.

"Hiki kilikuwa cha mnyama mmoja. Mmoja nimeshaua. Lala salama."

Sinia lilikwaruza barafu ya uani mpaka barabarani.

Ndani, Marlys alikuwa amesikia yote. Aliweka sahani ya viazi mezani, na hakuketi.

"Umemnyima."

"Siku chache tu, Marlys. Unajua tumengoja kiasi gani."

"Umengoja wewe. Mimi uliniambia niache uyoga, nikaacha, nikasema mume wangu ana huzuni, ngoja kichaka kimponye." Alifuta mikono kwenye aproni. "Sasa mtu anakuja kuomba chakula chake, unamwambia habari ya harufu."

Verlyn alisukuma sahani. Alivaa viatu, akachukua tochi, akafika hadi barazani. Upepo ulikuwa ukivuma moja kwa moja kuelekea kichakani. Alisimama pale, akavua viatu. Hicho ndicho alichokuja kukijutia zaidi, zaidi hata ya maneno ya uani: kwamba alikuwa ameshavivaa.

Kesho yake alikuwa ulingoni kabla hakujapambazuka. Alijipangia mambo. Angempata Kinara, kisha angekwenda kwa Ardis kwa miguu, na yangekwisha. Mwanga ulipoanza kuikata theluji, kunguru walikuja kwanza. Walitua juu ya kichaka, upande wa kijito kabisa, pembeni, pale pale Ardis alipomwambia. Tai akafuata. Kisha chini ya miche ikazuka kelele ya mbweha wakigombana juu ya kitu, na matawi yakatikisika.

Kinara akatoka.

Hakutoka kwa njia yake ya siku zote, ile iliyopita chini ya ulingo. Alitoka kwa upande wa pili, akiwakimbia mbweha, akateremka mteremko, akaruka kijito, akasimama juu ya mabua ya soya ya Ardis. Pembe zake zilikuwa kubwa kuliko kamera ilivyoonyesha. Verlyn aliacha bunduki mapajani, akainua darubini, maana nyuma ya Kinara palikuwa na kitu cha rangi ya chungwa.

Ardis alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake, kamba ya sinia mkononi. Hakuwa na bunduki. Alikuja kungoja mwanga ili aone kunguru watatua wapi. Kinara alisimama mbele yake karibu sana, Ardis angeweza kumtupia tufaha likamgonga. Wakatazamana. Kisha Ardis akayaondoa macho yake kwa mnyama, akatazama kichaka, akawatazama kunguru wakishuka na kupanda.

Kinara akapanda kilima cha ng'ambo bila haraka, akatokomea upande wa pili.

Ardis aliikunja kamba, akaiweka ndani ya sinia. Akaligeuza sinia, tupu, akaliburuta kuelekea nyumbani.