Mizani Ndani ya Koili

Nyumba yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Riyadh. Baba, yaani bosi mwenyewe, alikuwa mhandisi wa umeme aliyestaafu, na aliamini kwamba kinachotushikilia chini ni umeme na sumaku ya dunia, wala si kingine. Gereji yake aliigeuza maabara. Alizungusha nyaya za shaba kwenye fremu kubwa kama tangi la maji, ikawa koili, akaweka mizani ndani.

"Umeme ukipita hapa, unapingana na ule wa ardhi," aliniambia kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe. "Mtu anakuwa mwepesi. Yalla, panda."

Nikapanda. Koili ikanguruma, meno yakanicheza. Mshale haukusogea.

"Umejitikisa!" Akanizaba kofi.

Kuanzia hapo aliniita kila alasiri baada ya chai. Mshale ukikataa kushuka, kosa ni langu: nimekula wali mwingi, nimepumua vibaya. Alinipiga kwa mkono, kwa mkanda, na mara moja kwa kipande cha waya kilichonichana shingo. Nikaanza kusali nikiwa juu ya mizani. Bwana, nifanye mwepesi, hata kidogo tu. Nilitaka sana awe anasema kweli.

Siku niliyokataa kupanda, alinikamata nywele akanisukuma. Mdomo ukapasukia kwenye fremu. Juu ya meza palikuwa na nyundo, nikaichukua. Nikaipiga mizani, nikazipiga zile nyaya, nikapiga chochote kilichokuwa mbele yangu huku nikipiga mayowe kwa Kiluhya. Aliponirukia kwa nyuma nilimpa kiwiko cha pua. Akaanguka chali, damu ikimwagika kwenye kanzu nyeupe.

Madam, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amekuwepo kwa muda gani. Nilingoja aite polisi.

"Halas, imetosha," alisema. Alikuwa akimtazama mumewe. "Halas. Huyu ni msichana wa tatu unayemfanyia hivi."

Kisha akanigeukia. "Panga nguo zako. Utaenda kwa dada yangu Jeddah."

Huyo dada alinipokea uwanja wa ndege. Aliutazama mdomo wangu uliovimba, akanipeleka nyumbani. Pale akanionyesha chumba, akanikabidhi ufunguo wake. Nilijifungia kwa ndani, nikapanga nguo zangu, ndipo nikatoka kumuuliza chakula cha jioni ni nini.