Mawe Niliyomchagulia Binti Yangu

Mimi nimeishia darasa la tatu. Nasema mapema ili msomaji asije akatafuta humu maneno ya kisomi akayakosa. Kusoma najua, kuandika naandika polepole, na kwenye mambo ya duara, yaani shimo la dhahabu, hakuna wa kunidanganya. Nilianza kwa kubeba viroba vya mawe ya watu huko Geita, nikashuka mashimoni kwa kamba, mwisho nikapata duara langu mwenyewe Mwakitolyo. Baadaye nikapata la pili, ng'ambo ya kilima. Nyumba nimejenga Shinyanga mjini, na watoto wote wamesoma. Hayo sikupewa na mtu.

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Alisomea miamba Dar es Salaam, akashinda nafasi ya kuongeza elimu Ujerumani, kwenye mji mmoja wa zamani ambao jina lake ulimi wangu umekataa kulibeba mpaka leo. Mwaka wake wa pili akanipigia simu.

"Baba, mwezi wa sita nasimama mbele ya walimu kueleza kazi yangu. Wakiikubali nimemaliza, na kuna nafasi ya kuendelea juu zaidi, wameniahidi. Kazi yenyewe inatokana na mawe ya duara lako. Njoo uone."

Mama yake alikataa ndege. Akanifungia michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na karanga, nikaenda peke yangu.

Nilitegemea Ulaya iwe mpya, inang'aa. Nikakuta mji mkongwe, vichochoro vya mawe, mto katikati, kengele zinazolia kila robo saa kama vile kuna mtu atasahau kuwa anazeeka. Mlangoni pa chuo ngazi zimeliwa katikati, zimebonyea kama bakuli. Nikauliza nani kazichonga hivyo.

"Hizo ni nyayo, Baba. Wanafunzi tu, wanapanda na kushuka."

Mimi nimetoboa mwamba kwa nyundo na tindo, naujua ugumu wa jiwe. Kulila jiwe kwa soli ya kiatu kunataka watu wengi sana, na miaka mingi sana. Nilivua kofia pale. Binti yangu alidhani nasikia joto.

Alikuwa anakaa kwenye jengo la wanafunzi, ghorofa ya nne, vyumba vinane na jiko moja la wote. Humo jikoni ndimo nilimowafahamu wenzake watatu. Kijana wa Kivietinamu, mkimya, anayesoma miamba kama yeye. Binti wa Kolombia anayesomea udaktari. Na kijana wa Siria, mwenye mdomo, anayesomea majengo. Kila mmoja ana rafu yake kwenye friji, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Ukutani kuna karatasi ya zamu za usafi, na zamu inafuatwa. Nimeongoza wanaume ishirini duarani na sijawahi kupata nidhamu ya friji lile.

Na wanafanya kazi, hao watoto. Msidhani ni kukaa na vitabu. Binti yangu aliamka alfajiri kupanga mikate dukani, halafu darasani, halafu maktaba, watu mia wamekaa bila hata mmoja kukohoa kwa kusudi. Msiria aliosha vyombo hotelini. Wote waliogopa kitu kimoja, karatasi ya serikali ya kuwaruhusu kukaa, maana ukianguka masomo na yenyewe inaanguka. Waliniambia kijana wa chumba cha mwisho alifiwa na babu yake India, nauli hana. Wakakaa naye jikoni siku tatu, wakipika kwa zamu, hadi mazishi aliyoyafuata kwa simu yalipokwisha. Hakuna aliyewafundisha msiba. Waliujua.

Binti yangu alikuwa amewafundisha kunisalimia. Asubuhi binti wa Kolombia akinikuta: "Shikamoo baba." Nami: "Marahaba mwanangu." Msiria yeye alitaka zaidi.

"Anauliza kama mgodi wako unahitaji mkwe," binti yangu akanitafsiria, anacheka.

"Muulize ana ng'ombe wangapi."

"Anasema ana baiskeli moja. Breki ya nyuma haishiki."

"Mwambie kwetu kwenye mahari hakipelekwi kilichochoka."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, sikujua kwamba neno hilo litanirudia.

Siku iliyofuata, Jumatatu, alinipeleka chini ya jengo la chuo wanakokata mawe. Ukutani alikuwa amebandika mchoro mkubwa wa rangi. Nikautazama, nikasogea karibu. Lilikuwa duara langu, limepasuliwa ubavuni kama mkate, unaona juu mpaka chini kwa mpigo mmoja. Miaka yote nimelijua kwa kupapasa, kwa taa ya kichwani. Binti yangu, ambaye hajashuka humo hata siku moja, alinionyesha shimo langu lote mimi mwenye nalo.

"Huu hapa ni mwamba wenye dhahabu mnaouchimba," akasema. "Sasa tazama ukuta wa kushoto. Kuanzia futi arobaini kushuka, kuna mwamba mwingine umejificha. Mnaupita kila siku, mnautupa kwenye kifusi. Baba, ukuta wako una dhahabu. Walimu hawakuamini, wakapima mara mbili."

Hapo sasa niseme nilichofanya.

Mwaka mmoja nyuma alinitumia sauti kwenye simu. Alitaka mawe ya duara la kwanza, futi kumi kwa futi kumi hadi futi mia, na kila hatua mawe matatu: la mwamba, la ukuta wa kushoto, la ukuta wa kulia. "Usichague, Baba. Hata kama halina kitu, nataka hilohilo." Msimamizi wangu akayatoa vizuri, akaandika vifuko thelathini kwa kalamu ya wino mzito, akaniletea nyumbani.

Nikayamwaga kwenye mkeka. Ukuta wa kushoto wa duara lile, kuanzia futi arobaini, unageuka mweusi, unamomonyoka mkononi, jiwe limeoza. Nikayatazama mawe saba ya ukuta huo nikaona aibu. Kwetu Usukumani ukipeleka ng'ombe wa mahari hupeleki aliyekonda, maana wakwe watalipima zizi lako lote kwa yule mmoja. Na haya yanapanda ndege, yanakwenda kuwekwa mezani mbele ya wazungu, na juu yake jina la binti yangu. Nikayatoa yote saba. Nikaweka mawe ya duara la pili, yenye rangi ya moshi na chembe za njano, mawe ya mtu anayejiheshimu. Vifuko vilevile, maandishi yaleyale. Sikuona kama ni uongo. Niliona nimemsitiri mtoto.

Sasa yale saba ya duara la pili yalikuwa mbele yangu, yamekatwa nusu kwa msumeno, yanang'aa. Niliyajua kama ninavyojua ng'ombe wangu.

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, nilifikiria kunyamaza. Alhamisi angesimama mbele ya walimu, wangempa cheti, nani angejua? Lakini akaendelea kuongea: "Mwishoni nimeandika ushauri. Wachimbaji wadogo wafungue ukuta wa kushoto. Nikirudi nitawaeleza mwenyewe."

Ukuta ndio unaoshika duara. Ukiuchimba ukuta uliooza, duara linakaa chini na waliomo. Nimeshachimba kifusi kwa mikono hii kumtafuta mwenzangu, tukampata ameshakwenda. Nilimwambia binti yangu nimechoka, nikaenda kukaa kando ya mto. Mzee mmoja mwenye mbwa alipita nikamwamkia kwa Kiswahili, akaniitikia kwa lugha yake. Hiyo tu ndiyo nafuu niliyoipata siku hiyo.

Jumanne jioni wenzake walimfanyia mazoezi jikoni. Binti wa Kolombia alishika simu kuhesabu dakika, Msiria alijifanya profesa mwenye usingizi, na yule Mvietinamu alipewa kazi ya kuuliza maswali magumu. Binti yangu alisimama kati ya friji na sinki akaeleza, mgongo umenyooka. Walimbana kama maadui, na niliona kwamba ni kwa sababu wanampenda.

Mvietinamu akauliza jambo. Binti yangu akajibu kifupi.

"Kauliza nini?"

"Kwa nini mwamba huo hauonekani kabisa juu ya futi arobaini. Nimemwambia hilo bado silijui."

"Mimi nalijua," nikasema.

Nikamweleza kwa Kiswahili, na mahali Kiswahili kilipokataa nikaingia Kisukuma. Wale wengine hawakuelewa neno. Binti wa Kolombia akaizima saa ya simu.

"Mangapi, Baba?"

"Saba."

"Yapi?"

"Yale yaliyokufurahisha."

Akavuta kiti, hakukikalia. "Nilikwambia usichague."

"Nilikusitiri."

"Nilikuomba mawe. Sikukuomba sitara."

Akachukua ufunguo wa baiskeli yake akatoka. Binti wa Kolombia aliniwekea chai mbele bila kuuliza. Msiria akaosha vyombo vyote, na haikuwa zamu yake.

Asubuhi binti yangu alikuja ameshanawa uso. "Shikamoo. Vaa koti, tunakwenda kwa mwalimu."

"Marahaba. Mwambie baba yako ni mzee, hakuelewa maagizo."

"Ulielewa, Baba."

Nikafunga vifungo vya koti.

Mwalimu wake mkubwa ni mama mwenye mvi tupu, na vidole vyake vina makovu ya mawe kama vyangu. Alisikiliza hadi mwisho bila kupandisha sauti. Halafu akataka nimwonyeshe. Wakapanga vipande thelathini juu ya meza, namba zimegeuzwa chini. Nikapita nikishika kimoja kimoja, nikipima uzito, nikinusa vichache. Nikatoa saba, nikavitenga. Cha nane nikakiacha lakini nikasema hiki kimetoka pale maji yanapochuruzika. Wakageuza namba. Saba vilikuwa ndivyo, na kile cha nane walikuwa wameandika kwamba kina dalili ya maji.

Yule mama akasema neno. Binti yangu akasita.

"Tafsiri."

"Anasema kazi yangu kama ilivyo imeanguka. Na anasema angekuwa na mkono kama huo hapa chuoni, kuna mashine moja asingeinunua." Akakishika kimoja cha vile saba. "Anasema laiti mkono wenyewe ungetulia."

Nimetukanwa na watu wengi, lakini kusifiwa na kuchapwa kwa sentensi moja, hiyo ndiyo shule.

Alhamisi hakueleza kazi. Aliomba dakika chache awaambie mwenyewe kwa nini haiwezi kupokelewa. Ukumbi ulikuwa wa mbao nyeusi, ukutani picha za wasomi waliokufa wanaotazama kama wadai. Mimi nilikaa nyuma. Aliongea Kijerumani, nikaokota neno Shinyanga tu. Hakuinamisha kichwa hata mara moja. Alipomaliza, walimu na wanafunzi wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, ukumbi mzima. Nikasimama, nikidhani wanamfukuza, nikawa tayari kwenda mbele nikamtoe. Mvietinamu akanishika mkono akanikalisha. Kumbe huko ndivyo wanavyompongeza msomi.

Wakampa muda hadi mwisho wa mwaka arudie sehemu ile. Nafasi ya kuendelea juu haikumsubiri, ilichukuliwa na mwingine. Hilo alinieleza uwanja wa ndege, kwa sauti ya kawaida, akinikabidhi begi. Sikuomba msamaha kwa maneno, sikuzoea. Nilimwambia mawe nitayaleta.

Nilipofika Mwakitolyo nilishuka mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa sijagusa kamba. Msimamizi wangu alisimama juu, ananililia: "Mzee, hayo yameoza, ya nini?" Nikamwambia ndiyo ninayoyataka. Nikatoa saba kwa mkono wangu, futi arobaini hadi mia. Moja lilivunjika kifukoni nikaliacha na unga wake. Yakaenda kama yalivyo. Yakapimwa. Hayakuwa na kitu hata kidogo, na binti yangu akaandika hivyo, kwamba ukuta uachwe usimame.

Siku ya siku nilitazama kwa simu nikiwa sebuleni, mama yake pembeni. Walipoanza kugonga meza mama yake alishtuka. Nikamwambia tulia, mwanao amefaulu.

Amerudi sasa. Anazunguka na wachimbaji wadogo, anawachorea maduara yao, nao wanamsikiliza, wanaume wazima. Wiki iliyopita alikuja duarani kwangu. Alipanga mawe yake juu ya turubai, mazuri kwa mabaya, nami nikawa napita karibu. Kulikuwa na moja jeusi, baya kweli, limekaa mbele kabisa mahali kila mtu atakapoliona. Mkono ukaenda wenyewe.

"Baba," akasema, hata hakugeuka.

Nikalirudisha, upande uleule liliokuwa limeulalia.